Mkwe Asinione

Kwetu Embu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja hukwea kando akajifanya anakagua kahawa ya watu mpaka mwenzake apite. Vijana wanasema mambo hayo yalizikwa na mababu, na pasta wetu anasema yalisulubiwa. Wacha waseme. Mimi nilimwoa Nelius nikiwa bado na nywele kichwani, na katika miaka hiyo yote mama yake, Ciakuthii, hakuwahi kuketi sebuleni kwangu, wala mimi sikuwahi kupita mlango wa jiko lake. Tulipendana hivyo hivyo, kila mmoja upande wake wa ua. Nilimpelekea mifupa ya supu kutoka kwenye bucha yangu hapa Karurumo, naye akanirudishia ndizi na nduma, na vyote vilipitia mikononi mwa Nelius.

Hakunitaja kwa jina hata siku moja. Aliniita Baba Karimi, kwa ajili ya binti yetu, na alilitamka huku ameangalia chini. Mtu asiyejua angedhani ananichukia.

Nelius ndiye mtoto wake wa pekee. Baba yake alifariki zamani akazikwa kando ya kahawa, na mama akabaki peke yake ng'ambo ya kijito, katika nyumba ya mbao ambayo moshi wake tunauona kutoka kwetu. Magoti yake yalipoanza kukataa, Nelius alienda kumwambia afunge nyumba aje kwetu. Mimi nilisubiri kwenye ua, lakini mama alisema kwa sauti ya kunifikia.

"Nikija kule, nani atanibeba nikishindwa? Wewe una mgongo wa panzi. Atanibeba yeye. Mkwe aone mapaja yangu? Siku nitakayoshindwa kuinuka chooni mwenyewe, njooni na jeneza, msije na kiti."

Nelius alirudi kwangu akilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekasirika.

Magoti yenyewe hayakuwa na hatia. Yalikuwa yamepanda na kushuka vilima hivi vya Runyenjes maisha yote, mzigo wa kuni mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Yalianza kwa kulia kama mlango usiotiwa mafuta, halafu yakavimba, halafu yakaanza kupinda kwa nje, hata akitembea alionekana amebana mtungi katikati ya miguu. Wala sitawasema vibaya akina mama wa kanisa, ingawa ningependa sana. Walikuja kwa zamu. Huyu alichota maji, yule alileta kuni, mwingine alipika githeri na kumwekea mapajani. Mwenyekiti wao, Mama Ngari, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kutoa na mdomo mwepesi zaidi, alimwekea mto mgongoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Pumzika, mama," alimwambia. "Umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu."

Wakampumzisha mwaka mzima. Upendo wa kweli, siubishi. Mwisho wa mwaka huo Ciakuthii hakuweza kutoka kwenye kiti bila kushika nguzo ya nyumba kwa mikono yote miwili, na chooni alikuwa akichukua muda mrefu mpaka kuku wakamsahau.

Tulimpeleka mjini Embu, hospitalini. Picha ilipigwa, daktari akaitazama, akasema ule mfupa mlaini unaofunika kichwa cha goti umelika, sasa mfupa unasaga mfupa. Kuweka goti la chuma kunawezekana, lakini ni safari ndefu na foleni ndefu zaidi, na kwanza aende chumba cha mazoezi. Tukaenda. Mwenye chumba hicho alikuwa msichana mmoja aitwaye Mukami, ambaye kila mtu pale alimwita Fizio. Mimi nilibaki kwenye benchi ya nje, mahali pangu. Mukami akachungulia.

"Wewe ni kijana yake? Kuja uone. Ni wewe utamsaidia nyumbani."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa amenivuta ndani kwa mkono wa koti. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kitandani. Mukami akashika pindo la leso yake na kuanza kulipandisha, na Ciakuthii akampiga kofi la mkono lililosikika mpaka kwenye korido. Mimi nilikuwa tayari nimegeukia ukuta. Nilisimama pale nikitazama picha ya mtu asiye na ngozi, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa.

"Huyu ni mkwe," Nelius alieleza, sauti yake ikitafuta pa kujificha.

"Aah!" Mukami alisema. Alikuwa mtu wa Runyenjes, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Sorry, mama. Basi mzee, sikiliza ukiwa hapo hapo kwa ukuta. Hiyo picha iko mbele yako, angalia paja. Hiyo misuli kubwa ya mbele ndiyo hushika goti. Ikikuwa na nguvu, ukikanyaga chini inabeba uzito pamoja na mfupa. Ikilegea, goti inabeba kila kitu peke yake. Huyu mama amekaa sana. Hapa mbele hakuna kitu imebaki."

Nilimwelewa kuliko alivyofikiri. Ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani akaletewa nyasi mpaka mdomoni, paja lake ukiligusa na kisu linafunguka lenyewe. Fahali aliyevuta plau kule Mbeere utamlaani mpaka jioni. Nyama hukaa mahali inapoitwa kazini. Nikamwuliza Mukami, bado nimeelekea ukutani, kama nyama iliyokwisha kuondoka inaweza kurudi kwa mtu wa umri ule.

"Inarudi," alisema. "Polepole, lakini inarudi. Umri si sababu. Itauma kidogo mwanzoni, hiyo si mbaya. Ikiuma sana mpaka kesho yake, anapunguza, hawachi. Akiwacha, inaenda tena."

Ciakuthii akauliza swali moja kwa Kiembu. Aliuliza kama akifanya mambo hayo ataweza kuchuchumaa na kuinuka bila mtu.

"Kuchuchumaa kabisa siwezi kukudanganya, mama," Mukami alimjibu. "Wakujengee choo ya kukaa. Lakini kuinuka mwenyewe, ndiyo. Ukifanya."

"Nitafanya," alisema.

Na alifanya. Mambo yenyewe yalikuwa madogo ya kuchekesha. Aketi kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, aushikilie hewani, aushushe taratibu, aje kwa wa pili. Alale chali, akaze paja kama anayeponda kitu chini ya goti. Ainuke kitini mikono imekunjwa kifuani, aketi tena bila kujitupa. Mguu ukizoea, afunge kitu kizito kidogo kwenye kifundo cha mguu. Nelius alichukua soksi za marehemu baba yake zilizobaki sandukuni, akazijaza mchanga wa kijito na kuzifunga. Kwa kuwa mama hakupenda kuhesabu, aliushikilia mguu hewani kwa Baba Yetu. Wiki za kwanza alikuwa anaangusha kwenye "ufalme wako uje." Baadaye akafika kwenye mkate. Nelius alipokuja kuniambia mama amevuka majaribu anaelekea amina, tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Akina mama wa kanisa hawakucheka. Mama Ngari alimkuta siku moja mguu uko juu, soksi ya mchanga inaning'inia, jasho linamtoka, akaweka sufuria chini na kushika kiuno.

"Nelius! Unamfanyisha mama mgonjwa kazi ya punda? Na sisi tukiitwa hapa kesho kuimba, tutasema nini?"

"Ni daktari amesema."

"Daktari ni wa Embu. Magoti ni ya huku."

Ciakuthii ndiye aliyejibu. Alishusha mguu taratibu kama alivyofundishwa, akapumua, akawashukuru kwa mwaka mzima wa githeri, na akamwomba Mama Ngari arudi na mtungi wake wa maji. Kuanzia siku hiyo angechota mwenyewe, hata kama ni kikombe kikombe. Wakaudhika. Jumapili ile hawakumsalimia vizuri, na mmoja akasema kiburi hutangulia. Lakini kufikia wakati wa kuchuma kahawa ya kwanza, Ciakuthii alikuwa anatembea katikati ya mistari ya kahawa yake na bakora moja, anafokea wachumaji. Nilimwona kutoka kwetu. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia hivyo kuona mama mkwe akifokea watu.

Lililobaki lilikuwa choo. Kile cha kwake kilikuwa cha shimo, sakafu ya mbao, kuta za mabati. Mimi nilikata tundu kwenye kiti cha plastiki, nikalisugua kingo zisimkwaruze, nikampa Nelius aseme amekinunua sokoni. Mama alikigeuza mara moja tu, akaiona kazi ya kisu cha bucha. Kuku walitagia kiti hicho mpaka kikapasuka. Nikatuma ujumbe kwamba nitaleta fundi, mtu mwingine kabisa, wa kutoka mbali, ajenge cha saruji cha kukalia. Jibu lilirudi kupitia kwa Nelius.

"Mwambie Baba Karimi ajenge chochote anachotaka duniani, lakini akili yake isikae chooni kwangu. Mguu wangu unakuja. Asubiri."

Tukasubiri. Ningemleta yule fundi kwa nguvu, mama angetukana, angesusa ndizi zake miezi miwili, halafu angekalia. Lakini mkwe hamlazimishi mama mkwe, na hasa si katika jambo lile. Hata fundi mwenyewe alicheka akaniambia nimalizane na mama kwanza.

Mvua za Aprili zikaja. Alhamisi moja kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wa akina Ngari, na kijiji kizima kilihamia kule kilimani tangu asubuhi, wanawake na masufuria, wanaume na majembe. Nelius alikuwa amepeleka parachichi zetu Meru, kule Makutano, na angerudi jioni. Mimi nilibaki buchani nikikata nyama ya mazishi. Mvua ilinyesha bila haya. Mchana Nelius alinipigia.

"Mama hashiki simu tangu asubuhi. Pitia pale. Simama tu uani uite."

Nilichukua mifupa ya supu niwe na sababu, nikaenda. Nilisimama uani nikaita. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, moto umezimika jikoni. Niliita tena. Ndipo niliposikia sauti kutoka nyuma, kwenye yale mabati.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Baba Karimi."

Mvua ikapiga mabati. Halafu akasema, polepole, kama anayezungumza na mbwa asiyemfahamu, "Usikaribie. Tafuta mwanamke."

Alikuwa ameingia asubuhi. Mbao zililowa, mguu mmoja ukateleza, ukakunjika chini yake, na goti likakataa kabisa. Alikuwa amekwama kati ya ukuta na shimo, hawezi kwenda juu wala chini. Haya yote aliniambia kwa maneno machache kupitia kwenye mabati, kisha akarudia: mwanamke.

Nilikimbia. Mimi ni mtu mnene, sijakimbia tangu shule, lakini siku hiyo nilikimbia. Kwa Mama Ngari hakuna mtu. Nyumba ya pili imefungwa kufuli. Ya tatu kulikuwa na Mzee Njiru peke yake karibu na moto, mzee wa ukoo wetu, miguu yake mwenyewe imevimba. Nilimweleza nikihema. Alitazama moto.

"Hata mimi ni mwanamume," alisema.

Nilimpigia Mama Ngari. Simu iliita na kuita, nami nilisikia kutoka kule kilimani vipaza sauti vya mazishi vikiimba, najua kabisa simu ilikuwa kwenye kikapu chini ya kitambaa. Niliwapigia wanawake wengine wawili, hivyo hivyo. Nikampigia Nelius.

"Ingia!" alipiga kelele. Watu wa Makutano lazima walimsikia. "Baba Karimi, ingia! Hiyo mambo ya kitambo wachana nayo! Ingia umtoe!"

"Amenikataza."

"Atakufa na baridi! Ingia!"

Nilirudi. Nilisimama mbele ya ule mlango wa mabati, maji yananitoka kichwani yanaingia kwenye kola.

"Umepata?" aliuliza. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Anakuja," nilidanganya. "Mama, wacha niingie. Nitatupa koti kwanza. Sitatazama."

"Hapana."

"Mama, tafadhali."

"Hapana, Baba Karimi. Nilishakuomba."

Nilisubiri. Sijui muda gani, na sitaki kujua. Nilizungumza naye kuhusu kahawa, kuhusu Karimi aliye shule ya bweni, kuhusu lolote. Mwanzoni alijibu. Baadaye aliitikia tu kwa koo. Halafu akanyamaza, na nilipoita mara ya tatu bila jibu nikafungua mlango.

Nilifunga macho. Nasema kweli, niliingia nimefunga macho, koti limetangulia mbele kama pazia. Nikakanyaga ubao mmoja, ukalia, ukazama kidogo, na nikaelewa kwamba nikiendelea kwa njia hiyo tutaishia shimoni sote wawili. Nikafungua macho. Nilimwona mama mkwe wangu. Sitasema nilichoona. Nilimfunika nilivyoweza, nikapitisha mikono chini ya kwapa, nikamvuta kutoka nyuma, na mguu ule uliokunjika ulipofunguka alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwa mnyama. Nilimbeba kifuani mpaka kitandani kwake, chumba ambacho hata sikujua kina dirisha. Nikawasha moto. Nikamsugua miguu kwa blanketi kwa sababu ilikuwa imegeuka rangi. Wakati wote huo alikuwa ameelekea ukutani, macho wazi, na machozi yanashuka upande mmoja yakilowesha mto. Mimi pia nililia, wala sikujificha.

Akina mama walifika jioni na vyakula vya mazishi. Mama Ngari alilia kuliko wote.

Hakuna mfupa uliovunjika. Hospitalini walimpiga picha tena wakasema ana bahati, misuli ya mapaja ndiyo iliyozuia nyonga isivunjike. Mukami aliminya paja lake, mimi nikiwa nje kabisa safari hii, kwenye maegesho, akafurahi. Alimwambia Nelius kwamba mama amejenga nyama ya kweli, apumzike siku chache, uvimbe ushuke, aanze tena.

Mzee Njiru na wenzake walikaa wakaamua nipeleke mbuzi. Hakuna aliyesema nimekosa. Walisema tu kwamba kitu kimepita kati yetu na lazima kitolewe. Pasta alikuja kupinga, akakuta figo zinachomwa, akapinga akiwa ameketi. Mbuzi nilimchinja mwenyewe, dume jeusi, na Ciakuthii akapelekewa kipande chake kitandani. Alikila chote, akashukuru, akasema limekwisha. Wazee wakasema limekwisha. Nelius akaniangalia kwa furaha, na mimi nikaamini.

Nelius alipompelekea zile soksi za mchanga, mama alizifungua fundo, akamwaga mchanga uani, akazikunja na kuzirudisha sandukuni.

"Mama, Fizio amesema uanze."

"Nimesikia."

"Ukiacha itaondoka tena."

"Iende."

Nelius alimbembeleza, akamfokea, akapiga magoti. Akamshika mguu aunyooshe kwa mkono wake. Mama akamwachia mguu kama mtu anavyomwachia mtoto mdoli. Aliposhushiwa aliutazama tu. Mwisho akamwambia binti yake kwa upole kabisa, na Nelius akaja kuniambia jikoni kwetu, amesimama, maziwa yanachemka yanamwagika.

"Anasema alikuwa anafanya ili usimwone. Anasema umeshamwona. Sasa afanye ya nini."

Niliwaka. Nilisema mambo juu ya mila, juu ya wazee, juu ya mwanamke mzima mwenye akili timamu anayekufa kwa sababu ya mbao na mvua. Nelius alizima jiko akaniambia nipunguze sauti, yuko ng'ambo tu ya kijito.

Paja liliondoka haraka kuliko lilivyokuja. Kabla kahawa haijaiva alikuwa hawezi kutoka kitandani. Tulipokwenda kumchukua hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi. Nilidhani atadai kibanda chake nje, mlango wake, njia yake. Nilikuwa hata nimeshaleta mbao. Hakudai kitu. Tulimlaza chumba cha Karimi, chini ya paa langu, na usiku ule nilikaa macho nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Tangu hapo hakuniita tena Baba Karimi. Ananiita kwa jina langu, Gachoki, hivi hivi, kama mtoto wa jirani, na huniangalia usoni.

Nelius hawezi kumwinua. Mgongo wake kweli ni wa panzi. Kwa hiyo ni mimi. Asubuhi nampeleka juani, jioni namrudisha, na pale katikati namfanyia yale ambayo Nelius hawezi peke yake. Hana uzito. Nimemleta Mukami mpaka nyumbani, akaja na kamba zake za mpira na maneno yake mazuri. Ciakuthii alinyoosha mguu mara moja kwa heshima ya mgeni, akauliza habari za mama yake, akaagiza apewe chai.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti uani, jua limetoka, miguu yake imelala mbele yake ndani ya leso kama vijiti viwili. Nikapiga magoti chini, mimi na tumbo langu, nikamwambia yote.

"Mama, inuka. Nyanyua huo mguu. Kama ni mimi nitahama. Nitaenda Timau nikalime ngano za matajiri, sitaonekana hapa tena. Nitajitoboa macho ukitaka. Lakini wewe inuka!"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanifuta uso kwa pindo la leso yake, jambo ambalo mama mkwe wa huku hafanyi.

"Wewe ulifanya vizuri, Gachoki," alisema. "Hapo ndipo shida ilipo. Angekuwa mtu mbaya ndiye aliyeniona, ningemchukia, na ile chuki ingeniinua. Wewe nitakuchukia kwa lipi?"

Wingu lilikuwa limefunika jua, na upepo wa mlimani umeanza kushuka. Akajitazama miguu, akavuta leso ikafunika magoti.

"Baridi inaingia," alisema, na akaninyooshea mikono yote miwili nimbebe.